Usaili wa mwalimu wa elimu maalumu Tanzania: Sekretarieti ya Ajira au shule binafsi?

Mwalimu aliyehitimu elimu maalumu, awe ametoka Patandi, UDOM au chuo kingine, mara nyingi hujikuta ameomba kazi sehemu mbili kwa wakati mmoja: serikalini kupitia Ajira Portal (mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira), na kwenye shule binafsi au za taasisi za dini zenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Tarehe zikikaribiana, kosa la kawaida ni kujiandaa kwa namna moja kwa zote mbili. Aliyekariri miaka ya sheria na sera anafika shule binafsi, anakabidhiwa mtoto mwenye usonji (autism) asiyetulia kitini, na miaka yote ile haimsaidii. Anayejua kumtuliza mtoto huyo anakaa mbele ya jopo la serikali na kushindwa kutaja sheria moja inayomlinda. Wote wawili wanaweza kuwa walimu wazuri, na wote wawili wakarudi nyumbani bila kazi.

Msimamo wetu tunauweka mapema. Kama una wiki mbili tu, wiki ya kwanza itumie kuandika mpango wa mtoto mmoja wa mfano, kuanzia upimaji hadi tathmini. Kazi hiyo moja inalisha usaili wa pande zote mbili. Wiki ya pili ndiyo uigawe kulingana na unakoelekea kwanza.

Tofauti kwa kifupi

| | Serikalini | Shule binafsi au ya taasisi |
|---|---|---|
| Anayekusaili | Jopo linalouliza wasailiwa wote maswali yaleyale kwa mwongozo wa alama | Mkuu wa shule, mkuu wa kitengo, wakati mwingine mmiliki |
| Hatua | Mchujo wa maandishi na mahojiano. Tangazo husema kama kada yako ina hatua moja au mbili | Mazungumzo, kisha somo la majaribio, mara nyingi siku hiyohiyo |
| Kinachopimwa zaidi | Unajua nini, na unaweza kukieleza kwa mpangilio | Unafanya nini mtoto akiwa mbele yako |
| Kinachowaangusha wengi | Nyaraka, na majibu yasiyo na hoja zinazohesabika | Somo lisilomfaa mtoto aliyepo |
| Ukifaulu lakini nafasi zikajaa | Jina lako huweza kubaki kwenye kanzidata ya Sekretarieti | Unaanza upya kwingine |
| Mshahara | Ngazi ya walimu (TGTS) inajulikana: stashahada TGTS C, shahada TGTS D | Makubaliano |
| Hifadhi ya jamii | PSSSF | NSSF |

Serikalini: alama hupotea kabla hujafungua mdomo

Walimu walioajiriwa miaka ya nyuma walituma maombi TAMISEMI na kupangiwa vituo bila kukaa mbele ya jopo. Usaili wa walimu chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ulifanyika kwa wingi mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo ushauri wa kaka au dada aliyeajiriwa 2018 upokee kwa heshima, lakini usiutegemee kwa jambo hili.

Anza na nyaraka, maana hapo hakuna kujitetea. Unatakiwa kufika na vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita kama ulipita huko, na cha taaluma. Hati za matokeo, matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kwamba ulisoma havipokelewi badala ya cheti. Kama chuo bado hakijakupa cheti chako, kifuatilie leo, usisubiri jina litoke. Kitambulisho kiwe hai: cha uraia, cha mpigakura, cha mkaazi, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake vikahakikiwe TCU, NACTVET au NECTA kulingana na ngazi.

Majina ndiyo mtego mkubwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma Hamisi, cha kidato cha nne Asha J. Hamis, cha chuo Asha Hamisi. Kwako ni mtu mmoja, kwa anayehakiki ni watu watatu. Suluhisho ni hati ya kisheria ya kubadili au kuoanisha majina, na inachukua muda kwa sababu lazima isajiliwe. Linganisha vyeti vyako vyote herufi kwa herufi siku utakayoamua kuomba kazi.

Mengine mawili madogo yenye madhara makubwa. Hakikisha anuani ya makazi kwenye akaunti yako ya Ajira Portal ni ya mkoa unaoishi sasa, kwani usaili wa walimu wa 2025 ulipangwa kwa kufuata mikoa. Pia nakili namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti kabla ya siku yenyewe. Usitegemee kuipata getini. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Kwa maandishi na mahojiano, soma mambo machache lakini uyajue vizuri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Sheria ya Mtoto ya 2009. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Tamko la Salamanca la 1994. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na kama umetoka mpya utakaposoma haya, usome huo. Kwa kila kimoja andika sentensi mbili: kinasema nini, na kinabadilisha nini darasani kwako. Sentensi ya pili ndiyo wengi hawana. Kutaja Salamanca bila kueleza kwamba inamtaka mwalimu wa shule ya kawaida ampokee mtoto mwenye ulemavu na kurekebisha ufundishaji wake ni kutaja jina la mji tu.

Jopo lina mwongozo wa alama, kwa hiyo jibu kwa namna inayohesabika. Ukiulizwa tofauti ya shule maalumu, kitengo na elimu jumuishi, usisimulie. Toa maana ya kila moja kwa sentensi moja, mfano mmoja, kisha mahali inapofaa na inapokwama. Shule maalumu, kama Buguruni Viziwi ya Dar es Salaam au Buigiri Wasioona ya Dodoma, imejengwa kwa ajili ya kundi fulani. Kitengo ni darasa au madarasa maalumu ndani ya shule ya kawaida. Jumuishi ni mtoto kukaa darasa moja na wenzake huku mazingira, zana na upimaji vikirekebishwa. Ukimaliza, nyamaza. Wanajopo wengi hawatikisi kichwa wala hawatabasamu. Hilo si dalili kwamba umekosea, na anayeendelea kuongea ili kuutafuta uso wa kukubaliwa mwishowe hulivuruga jibu lililokuwa zuri.

Jambo moja la mitihani lijue kwa tarakimu: watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mtihani wa saa mbili wa Hisabati unakuwa wa saa 2 na dakika 40. Ni swali fupi, na linaonyesha kama umewahi kuwa karibu na chumba cha mtihani cha watoto hawa.

Shule binafsi: somo la majaribio ndilo usaili wenyewe

Huku maswali ya sera ni machache. Wanataka kuona mikono yako inafanya nini. Tegemea dakika 15 hadi 20 na mtoto mmoja au kikundi cha watoto watatu au wanne, mbele ya mkuu wa kitengo.

Ukipigiwa simu ya kuitwa, usiseme tu asante na kukata. Uliza kwa adabu mambo matano: umri wa watoto, wanawasiliana kwa njia gani (maneno, alama, picha au ishara za mwili), wanapenda nini, nini huwavuruga, na kama kuna mwenye kifafa au anayetumia dawa. Shule nzuri itakujibu, na maswali yenyewe yatakuwa yamekujengea jina kabla hujafika. Wakikataa kueleza, andaa somo moja lenye ngazi tatu. Mfano, dhana ya namba 1 hadi 5: ngazi ya chini, mtoto aweke kizibo kimoja kimoja kwenye kopo, ya kati, ahesabu vizibo na kuchagua kadi ya namba, ya juu, aandike namba na kuchora idadi. Ndani ya dakika mbili za kwanza utaona uanzie wapi.

Ugawaji wa dakika 20 unaofanya kazi: dakika 2 za salamu na kuonyesha kwa picha kitakachofanyika, dakika 5 za wewe kuonyesha, dakika 8 za mtoto kufanya, dakika 3 za kupima kama ameweza, dakika 2 za kumalizia na kumpongeza. Tazama ilipo sehemu kubwa. Walimu wengi huigeuza: wanaongea dakika 14 na mtoto anafanya 3, kwa sababu ukimya wa mtoto unawatisha. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anaweza kuhitaji sekunde kumi au zaidi kabla ya kujibu. Ukirudia swali sekunde ya tatu, umemwanzishia kazi upya kichwani.

Zana zisiwe za maonyesho. Vizibo vya soda, makopo, kadi za boksi, kitambaa na mchanga kwenye sinia vinatosha. Makali ya kopo yakunje au yafunge kwa gundi ya karatasi, na usipeleke shanga au maharage kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Mkuu wa kitengo mwenye uzoefu huona hatari kabla ya kuona ubunifu.

Mtoto akikimbia, akilala chini au akipiga kelele, usaili haujaharibika. Huenda ndipo umeanza. Punguza maneno, shusha sauti, ondoa kinachomsumbua, mpe chaguo la vitu viwili, na kazi uipunguze mpaka hatua moja anayoiweza. Baadaye watakuuliza kwa nini ulifanya hivyo. Jibu kwa kile ulichokiona: "Alianza kuziba masikio feni ilipowashwa, nikamhamishia kona ile." Jibu kama hilo lina uzito kuliko kusema unawapenda watoto.

Andalio la somo lipeleke limechapwa, nakala mbili. Shule nyingi za binafsi hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo jiandae kulieleza kwa lugha hiyo. Lakini kama mtoto anaelewa Kiswahili, uliza kama unaruhusiwa kukitumia.

Mtoto mmoja wa mfano

Hii ndiyo kazi ya wiki ya kwanza. Chagua mtoto wa aina uliyokutana naye kwenye mazoezi ya kufundisha, mbadilishe jina na alama zote za kumtambulisha, kisha mwandikie mpango wa elimu binafsi, ule ambao walimu wengi wanauita IEP, kwenye kurasa mbili.

Tuseme ni mvulana wa miaka 9, ana usonji, hasemi, hukimbia darasani kila akitaka kwenda chooni. Andika kwanza hali ya sasa kwa vitendo vinavyoonekana: anakimbia mara ngapi kwa siku, saa ngapi, anafanya nini kabla ya kukimbia. Kisha uwezo wake: anatambua picha, anapenda maji, anafuata agizo la neno moja. Watu husahau uwezo, na mpango usio na uwezo hauna pa kushikia.

Halafu lengo. "Ataboresha mawasiliano" halipimiki, na pande zote mbili litakukosesha alama. Andika hivi: "Ndani ya wiki 12, ataonyesha kadi ya choo kwa mwalimu bila kukumbushwa, mara 4 kati ya 5, kwa siku 5 mfululizo." Hapo kuna kitendo, hali, kiwango na muda. Chini yake weka hatua: wiki za kwanza unamshika mkono kuichukua kadi, kisha unagusa kiwiko tu, kisha unaelekeza kwa macho, kisha unasubiri. Weka nani anafanya nini, pamoja na mzazi nyumbani, kwani kadi inayotumika shuleni peke yake haivuki geti. Weka jedwali la kurekodi na tarehe ya kupitia upya.

Mbele ya jopo, mtoto huyu anakupa mfano kwa swali la upimaji, la mbinu, la ushirikiano na wazazi na la tathmini. Kwenye shule binafsi, kurasa zilezile mbili unaziweka mezani. Hakuna maandalizi mengine yanayolipa pande mbili kwa kiasi hiki.

Eneo lako wataligusa

Ukijitambulisha kuwa umebobea eneo fulani, jiandae kulionyesha, si kulieleza.

Wasioona: unaweza kuwekewa mashine ya Perkins, ya kuandikia Braille (maandishi ya nukta). Kitufe kirefu cha katikati ni cha nafasi. Kushoto kwake, ukianzia kilicho karibu, ni nukta 1, 2, 3, na kulia ni 4, 5, 6. Vitufe vya herufi moja hubonyezwa kwa pamoja. Anayebonyeza kimoja kimoja hutoa herufi nyingi zisizosomeka na kujianika papo hapo. Herufi a hadi j zinatumia nukta za juu na kati tu, k hadi t ni zilezile zikiongezwa nukta 3, na u, v, x, y, z huongezwa 3 na 6. W haifuati mpango huo; ni 2-4-5-6. Kwa sleti (kibao cha kutoboa nukta kwa mkono) unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi. Kwa uoni hafifu na watoto wenye ualbino, zungumzia maandishi makubwa, kiti cha mbele kisichopigwa na mwanga wa moja kwa moja, kofia na mikono mirefu wakati wa michezo.

Viziwi: Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake. Anayesema Kiswahili huku akitupia alama kwa mpangilio wa Kiswahili hugundulika upesi, hasa kama jopo lina kiziwi au mkalimani. Uso ni sehemu ya lugha: swali bila nyusi si swali. Usisimame mgongo wako ukiwa dirishani, kwani uso wako unakuwa giza kwa mtoto, wala usieleze jambo huku umegeukia ubao. Na neno "bubu" lisikutoke.

Ulemavu wa akili: waeleze uchambuzi wa kazi. Kunawa mikono: kunja mikono ya shati, fungua bomba, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza, funga bomba, kausha. Hatua nane. Eleza pia kwa nini kwa watoto wengine unafundisha kuanzia hatua ya mwisho: wewe unamsaidia saba za mwanzo, yeye anakausha mwenyewe, na kila siku anaonja kumaliza kazi.

Maswali mawili ya pande zote

Kifafa kikianza darasani: ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mlaze ubavu, tazama saa. Usimshikilie kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Kikizidi dakika 5, au kikijirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Kisha andika kilichotokea na mjulishe mzazi. Mwalimu anayejibu kwamba atamtia kijiko mdomoni hastahili kukabidhiwa darasa, na wasaili wanalijua hilo.

Viboko: kanuni za 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na visizidi vinne. Zijue, lakini jibu lako liende mbali zaidi. Tabia ya mtoto asiyeweza kusema mara nyingi ndiyo kauli yake. Ukimchapa kwa kukimbia, umemwadhibu kwa kuomba choo. Eleza utakavyotafuta chanzo na kumfundisha njia mbadala. Shule nyingi za binafsi haziruhusu viboko kabisa.

Uelekeze wapi nguvu zako

Kama vyeti vyako vimekamilika, majina yanafanana na uko tayari kupangiwa wilaya yoyote, nguvu ziende serikalini. Muda wa matazamio ni miezi 12, ngazi ya mshahara iko wazi, na kufaulu bila kupata nafasi hakupotei bure. Ubaya wake ni kusubiri, na kwamba unaweza kupangiwa shule ya kawaida isiyo na kitengo, ukafundisha Kiswahili darasa la watoto 90 huku wachache wanaokuhitaji wakiwa wamefichwa majumbani. Ukikutana na hali hiyo, mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri mapema na uanze kuwatambua.

Kama cheti bado au marekebisho ya majina yanaendelea, shule binafsi inaanza sasa, na mwaka mmoja kwenye kitengo chenye wataalamu wa tiba ya usemi na viungo unakufundisha mambo ambayo chuo hakikuweza. Kabla ya kusaini, uliza idadi ya watoto kwa mwalimu, kama kuna msaidizi, nani anamhudumia mtoto chooni, mshahara kabla na baada ya makato, na kama michango ya NSSF inapelekwa kila mwezi. Uliza pia kama utaruhusiwa siku za kwenda kwenye usaili wa serikali, na jibu hilo lipate kwa maandishi.

Tarehe zikigongana siku moja, ya serikali haihamishwi kwa ajili yako. Piga simu shule binafsi, eleza ukweli, omba siku nyingine. Nyingi hukubali ukiwapa taarifa siku mbili au tatu kabla.